Beseni la Darasa la Kwanza

Usiniulize ni nchi gani. Kwetu anayeuliza nchi gani huandikwa jina, na anayejibu huandikwa mara mbili. Ipo nchi, ina mto katikati, ina bendera, ina wananchi wanaoipenda serikali yao, hasa wanapojua wanasikilizwa. Inatosha. Na kama unadhani unaijua, hilo ni lako, mimi sikukwambia kitu.

Jina langu Mwalimu Hemedi. Sifundishi. Zamani nilifundisha, nikaonekana nina tabia njema, nikapandishwa cheo kuwa Mtunza Kabati la Zana katika shule yetu ya msingi. Ufunguo nimeuvaa shingoni miaka kumi na mmoja. Nikioga ninao, nikilala ninao, mke wangu amelalamika mpaka amechoka.

Ndani ya kabati mna vitu ambavyo Wizara iliwaletea watoto wadogo ili wajifunze kwa mikono. Kuna maumbo ya mbao, kuna shanga za kuhesabia, kuna saa ya kadibodi, kuna tufe la dunia. Vyote vimo ndani ya nailoni zake vilizokuja nazo. Vitu vya watoto, bwana, ukiwapa watoto vinaharibika! Kila mwaka mkaguzi akija navitoa, navifuta vumbi, navipanga mezani, naye anaandika: "Zana zipo, zinang'aa." Kisha navirudisha. Watoto huchungulia dirishani. Kwa hiyo kujifunza kwa mikono kulikuwapo kwetu siku zote, ila mikono yenyewe ilikuwa yangu.

Mwaka juzi katika Mashindano ya Taifa ya Zana Isiyochakaa tulikuwa wa pili. Wa kwanza ilikuwa shule ambayo haijafungua hata maboksi. Tukawapongeza, maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

*

Ndipo akaletwa Mwalimu Mwanahawa kufundisha darasa la kwanza. Watoto tisini, chumba kimoja, madawati kumi na mawili. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, viatu vya raba. Siku ya kwanza tu akaniomba ufunguo. Nikamwambia aandike barua. Akaandika. Nikamwambia barua ipitie kwa mwalimu mkuu. Ikapitia. Nikamwambia sasa isubiri irudi. Akanitazama, akacheka.

"Basi, Mwalimu Hemedi, kaa nazo. Mimi nitatafuta zangu."

Mtu akinyimwa akacheka, ujue ana yake moyoni.

Jumatatu akaja na gunia lenye kelele. Lilipofunguliwa: vizibo vya soda mia tatu, magunzi, kokwa za ukwaju, makopo, bonge la udongo wa mfinyanzi, na beseni la plastiki la kijani. Tangu siku ile darasa la kwanza likawa linacheka. Sasa, kwetu darasa linalojifunza hujulikana kwa ukimya, na lililoelimika sana hujulikana kwa usingizi. Darasa linalocheka linacheka nini? Linamcheka nani? Nikaenda kusimama karibu na dirisha lao. Sikwenda kupeleleza. Nilikwenda kupunga upepo, na daftari nilikuwa nalo kwa bahati tu.

"Haya, hiki kipande cha gunzi," alisema Mwalimu Mwanahawa. "Kinaelea au kinazama? Kwanza semeni mnachodhani."

"Kinazama!" wakasema hawa. "Kinaelea!" wakasema wale.

"Tia."

Gunzi likaelea.

"Sasa semeni mlichoona. Si mlichodhani. Mlichoona."

Lahaula! Mtoto wa miaka saba anaambiwa aseme alichoona, wala hakuna mkubwa aliyemtangulia kumwambia alichopaswa kuona! Niliandika maneno yale daftarini nikapiga mstari chini yake mara tatu.

Baadaye wakaanza kufinyanga vyombo. Bonge la udongo likitiwa majini linazama. Lile lile likibonyezwa katikati likawa kama bakuli, linaelea. Walipiga vigelegele kana kwamba wao ndio wa kwanza duniani kuliona. Kisha wakapakia kokwa za ukwaju, moja moja, wakihesabu kwa sauti, na kila kokwa wakaiita abiria. Mkuu wa beseni alikuwa Chausiku, binti wa mama muuza vitumbua, msichana asiye na meno mawili ya mbele na asiyeogopa mtu.

Sheria ya beseni ilikuwa hivi: chombo kikijaa pomoni, Chausiku anasema, "Kimejaa!" Hapo kila aliyebaki na abiria mkononi anakaa chini, anangoja safari ya pili. Hakuna kusukumana, hakuna kulia.

Na kweli walikuwa wanakaa. Watoto tisini wanakaa chini kwa neno la kibogoyo mmoja, bila kiboko! Mimi nikajiuliza: je, siku Chausiku akiwaambia wasimame?

*

Mwezi wa sita serikali ikatangaza kwamba kivuko kipya kimekamilika. Kiliitwa *Hatutikisiki*. Ng'ambo ya mto ndiko iliko hospitali na ndiko liliko soko, na miaka yote tulivuka kwa mitumbwi, kwa hiyo tulifurahi kwa dhati, si kwa kuagizwa tu.

Wizara ikaletea kila shule mfano wa kivuko hicho, wa bati, mzuri ajabu, urefu wa mkono, pamoja na abiria tisini wa mbao wadogo kama njugu. Waraka ulioambatana ulisema: "Mfano huu unalingana na kivuko chenyewe kwa kila hali isipokuwa ukubwa. Abiria wa mbao ni tisini, sawa na wananchi tisini watakaobebwa kwa safari moja. Waheshimiwa watakaokuwamo hawahesabiwi, kwa kuwa kumhesabu mheshimiwa ni kumvunjia heshima. Asiyeamini na autazame mfano." Aya ya mwisho ikasema kwamba siku ya uzinduzi darasa la kwanza la shule yetu, kwa kuwa ni watoto tisini kamili, watapewa soksi nyeupe na watakuwa abiria wa kwanza, wakiimba.

Nikautia mfano kabatini ndani ya nailoni yake. Haikupita saa, Mwalimu Mwanahawa huyo mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu Hemedi. Nakuomba kile kivuko. Robo saa tu. Watoto watakipanda, acha wakijue."

Ningesema andika barua. Sijui siku ile nilipatwa na nini. Labda ile shikamoo, maana walimu wenzangu siku hizi hunipita tu. Labda nami katika miaka kumi na mmoja nilitaka kuona kitu kimoja kikitoka nailoni. Nikavua ufunguo, nikampa kivuko na abiria wake, nikaenda kupunga upepo dirishani.

Kila mtoto alipewa abiria mmoja, naye akamwita kwa jina lake mwenyewe. Wakasema wanachodhani: wote tisini walidhani kitaelea. Wakaanza kutia. Thelathini, thelathini na tano. Kwenye thelathini na nane maji yakafika ukingoni. Arobaini, kivuko kikatulia, kimejaa hata nzi asingepata pa kutua. Wa arobaini na moja alikuwa Chausiku mwenyewe. Akamweka abiria wake taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kivuko kikainama upande, kikanywa maji, kikaenda chini na watu wake wote.

Darasa likanyamaza. Ule ukimya nilioutamani tangu gunia lilipoingia, niliupata siku ile, na sikuupenda.

"Kimejaa," Chausiku akasema, amechelewa. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu aliyezama ni mimi?"

"Ni mti tu, mwanangu," alisema Mwalimu Mwanahawa, lakini mkono wake ulikuwa majini ukiwatafuta, akiwatoa mmoja mmoja, akiwafuta kwa kanga yake. "Ni mti tu. Sisi hatupandi mpaka tujue."

*

Barua aliyoiandikia Wizara ilikuwa na mistari miwili. "Mfano wenu unazama akipanda abiria wa arobaini na moja. Naomba kivuko chenyewe kipimwe kabla watoto wangu hawajapanda."

Mistari miwili! Kwetu barua ndefu ni salamu, barua fupi ni njama. Kisima tulichokiomba tangu mwaka wa nzige hakijaja hadi leo. Lakini Tume ya kuchunguza barua ile ilifika siku ya tatu.

Iliongozwa na Mheshimiwa Dokta Ndauka, naye alikuwa na makarani wawili na mwavuli. Dokta wa nini, usiniulize. Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kukamata beseni. Karani mmoja akalizunguka mara mbili.

"Kwa nini la kijani?" akauliza.

"Lilikuwa la bei nafuu," alijibu Mwalimu Mwanahawa.

"Andika," Dokta akamwambia karani, "anajifanya hajui maana ya kijani." Karani akaandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua maana ya kijani, lakini sote tuliogopa.

Wakaja kwenye vizibo. Vizibo mia tatu ni soda mia tatu. Nani alikunywa soda zote hizo, walikutana wapi, walizungumza nini wakinywa? Maji ya beseni yakatiwa kwenye chupa, chupa ikapigwa muhuri wa lakiri. Kisha Dokta akafungua muhtasari wa masomo, akaweka kidole.

"Mwalimu. Muhtasari unasema muhula huu darasa la kwanza huhesabu mpaka ishirini. Je, watoto hawa walijuaje kwamba ni arobaini na moja?"

"Walihesabu, Mheshimiwa."

"Nani aliwapa ruhusa ya kupita ishirini?"

"Vizibo havikuisha kwenye ishirini, Mheshimiwa."

"Ahaa!" akasema Dokta, na karani akaandika ahaa.

Akaitwa Chausiku. Akaja, akasalimia, akasimama mikono nyuma.

"Mtoto mzuri," alisema Dokta kwa sauti ya asali, "nani alikutuma useme kivuko kinazama?"

"Hakuna."

"Sema tu, usiogope. Nani alisema kwanza?"

"Maji," akasema Chausiku. "Yaliingia hapa, tukayaona. Babu, wewe unadhani kinaelea?"

"Mimi sidhani! Mimi najua!"

"Hapana, babu. Kwanza unasema unachodhani, halafu unatia, halafu unasema ulichoona."

Dokta akavua koti. Akatia abiria kwa mkono wake mwenyewe, mdomo wake ukicheza kimya kimya, na sote tukajua kwamba hata yeye anahesabu. Alipofika arobaini na moja, kivuko kikazama. Akarudia, kikazama. Akaagiza maji mapya kutoka kwa jirani ambaye hana mtoto shuleni. Kikazama vile vile.

"Maji haya," akasema Dokta akijifuta mikono, "yamefundishwa."

Baada ya kikao kifupi chini ya mwavuli, Tume ikaamua kwamba maji ni upande unaohusika katika shauri hili, hivyo hayawezi kuwa shahidi. Kivuko kikakaushwa, kikawekwa juu ya meza. Wakapakia abiria, hamsini, sabini, tisini. Kikabeba wote! Hakikuinama, hakikutikisika! Makarani wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana mwenye macho haambiwi tazama. Ripoti ikaandikwa pale pale: "Kivuko kimejaribiwa kwa mzigo kamili, katika hali ya ukavu, kwa mafanikio makubwa."

Kisha Dokta akageuka polepole akanitazama shingoni.

"Na kabatini kilitokaje?"

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hii sehemu siipendi. Ningeweza kusema: nilitoa mimi. Maneno mawili. Mwalimu Mwanahawa alikuwa amesimama karibu yangu hata nikasikia pumzi yake. Nikasema, "Mheshimiwa, nilikwenda msalani. Niliporudi nilikuta kabati liko wazi."

Mwalimu Mwanahawa hakunikanusha. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliosema gunzi linazama. Niliona haya, haya ambayo sikuwa nayo tangu nianze kuwa na cheo.

Akasimamishwa kazi jioni ile. Akaamriwa asifike gatini siku ya uzinduzi. Na mimi, kwa uaminifu wangu, nikapewa kazi ya kuwapandisha watoto.

*

Siku ikafika. Jua kali, bendi, jozi tisini za soksi nyeupe juu ya matope ya gati. Mama Chausiku alikuwapo na sinia lake la vitumbua, ila hakuwa anauza. Alikuwa amelibeba tu. Akanisogelea.

"Mwalimu Hemedi, wewe ulichungulia siku ile. Nambie, kile kibati kilizama au hakikuzama?"

"Mama, ripoti inasema..."

"Sikukuuliza ripoti. Nimekuuliza wewe."

Bendi iliniokoa.

Dokta Ndauka akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, wazazi, watoto wapenzi, nanyi mliokuja bila kualikwa, ambao tumewaona! Wapo wanaosema kivuko hiki kitazama. Nawauliza: je, kimewahi kuzama?" Tukajibu hapana. Ilikuwa kweli, kilikuwa hakijawahi kuingia majini kabla ya asubuhi ile. "Basi mtu anayetabiri jambo ambalo halijawahi kutokea anataka litokee!"

Makofi. Waheshimiwa wakaanza kupanda, kila mmoja na mkewe, kila mke na mkoba wake. Hapo ndipo nikasikia kitu nyuma yangu. Sauti ndogo, kisha mbili, kisha darasa zima. Walikuwa wanahesabu. Hakuna aliyewaambia, walikuwa wamezoea tu kwamba kitu kikiingia chomboni kinahesabiwa.

"Ishirini na moja! Ishirini na mbili!"

"Wanatuhesabu!" akapiga kelele mke wa mheshimiwa mmoja, akajifunika uso kwa mkoba. "Jamani, hawa watoto wanatuhesabu!"

"Nyamazisha hao!" alisema karani. Lakini bendi ilikuwa nayo inapanda, na ngoma kubwa ikapigwa kwa mdundo wa hesabu yao bila mpigaji kujua.

"Thelathini na tisa!" Huyo alikuwa mpiga tarumbeta. "Arobaini!" Huyo alikuwa Dokta Ndauka mwenyewe.

Nikatazama maji. Naapa sikutaka kutazama. Yalikuwa yamefika kwenye mstari mwekundu uliochorwa ubavuni, na juu ya mstari ilibaki nafasi ya kiganja cha mtoto.

"Kimejaa!" akasema Chausiku.

Na watoto tisini wakakaa chini. Pale pale, kwenye matope, na soksi zao nyeupe. Hawakulia, hawakusukumana. Mama Chausiku akatua sinia, akakunja kanga, akakaa. Mama mwingine akakaa. Gati zima likashuka polepole, na ikawa waliosimama ni askari na mimi.

"Mwalimu Hemedi!" Dokta aliita kutoka kivukoni. "Inua watoto hao uwapandishe! Hiyo ni amri!"

Nikabaki nimesimama. Ufunguo ulinichoma kifuani. Chausiku akanitazama kutoka chini, akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto mgeni darasani, "Mwalimu, ukibaki unakaa. Unangoja safari ya pili."

Nikakaa. Matope yalikuwa ya baridi.

Wakubwa wa juu zaidi walikuwa wanawangoja waheshimiwa ng'ambo, na saa ilikuwa imepita, kwa hiyo kivuko kikang'oa nanga na watu wake arobaini. Kilikwenda vizuri kabisa. Kilikwenda kikarudi.

*

Na hapo ndipo Mwalimu Mwanahawa alipoangamia. Maana ripoti ya mwisho ilisema hivi: kivuko hakikuzama, mwalimu alisema kinaweza kuzama, basi mwalimu ni mwongo. Amehamishiwa shule moja kusini ambako hakuna mto, hakuna kisima, na mvua hunyesha kwa bahati, ili asipate tena maji ya kutia kitu chochote.

Nilikwenda mbele ya Tume kwa miguu yangu. Nikavua ufunguo nikauweka mezani. "Aliyetoa kivuko ni mimi," nikasema. "Nilidanganya. Mwalimu Mwanahawa hakuiba."

Dokta akayabana macho. "Unamkinga," akasema. "Andika: anamkinga." Miaka yote nikisema uongo waliniamini, na siku moja niliyosema kweli ndiyo waliyonitilia shaka. Kabati sasa analo karani.

Gatini pamebandikwa tangazo: Ni marufuku kukaa chini. Ni marufuku kuhesabu. Lakini mtu hawezi kukamatwa kwa kuhesabu moyoni, na akipanda wa arobaini, wengine hushikwa na kiuno ghafla, au kiatu hutaka kufungwa. Wanainama, wanainama, mpaka wanajikuta wamekaa. Askari wenyewe nimewaona wakifunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Jambo moja tu Tume haijalimaliza. Karani alipopokea kabati alihesabu abiria wa mbao akakuta themanini na tisa. Mmoja hayupo. Serikali haiwezi kupoteza mwananchi, hata wa mbao, kwa hiyo Dokta Ndauka akarudi, akawapanga watoto wote tisini uwanjani, akawapekua mifuko. Alipofika kwa Chausiku, Chausiku akaufumba mkono wake wa kulia.

"Yuko wapi?" akauliza Dokta.

"Amekaa chini," akasema Chausiku. "Anamngoja Mwalimu Mwanahawa."